Niliazima Sura ya Shemeji Yangu

Nina miaka thelathini na mitatu, sina mume, na mkono wangu wa kulia una vidole vitatu visivyokunjika. Ninaishi Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, katika kambi ambayo wengi wetu tuliokimbia vita tumezeekea. Jina langu halisi nimelificha, si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya watoto wa mtu mmoja. Niiteni Riziki.

Ndugu zangu mnaosoma, siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu kuna mtu aliyekufa mchana kweupe, mbele ya macho yangu, na aliyemuua wa kwanza ni mimi... Sikushika panga. Nilishika kompyuta.

Mtauliza, kompyuta inaua vipi? Nisikilizeni.

Nilizaliwa Kivu ya Kusini, milimani, juu ya ziwa. Nikiwa na miaka ishirini watu wenye silaha waliingia kijijini kwetu asubuhi, wakati mama anamenya mihogo. Baba alipigwa risasi mlangoni. Mama alikatwa uani. Mimi nilikuwa mtoni na ndoo, nikasikia, nikaiacha ndoo palepale, nikakimbia. Sikuzika mtu. Sikuaga mtu.

Nilifika Nakivale nikiwa mifupa na homa. Nililazwa chini kwenye kituo cha kupokelea wageni, na pengine ningekufa palepale kama si mwanamke mmoja aliyenivuta na kuniingiza chini ya turubai lake. Jina lake Noela. Alikuwa na kitenge kimoja tu cha kujifunika, tukajifunika wote wawili. Alininywesha uji kwa kijiko kama mtoto.

Mume wake aliitwa Alimasi. Yeye hakuwa mtu wa milimani kama sisi. Alizaliwa bondeni, Uvira, na tangu utoto kazi yake ilikuwa moja: kutengeneza baisikeli. Tulipogawiwa viwanja, Alimasi alikanyaga udongo kwa miguu yake na kunijengea nyumba kando ya yao. Hakuniomba chochote! Nilimwita shemeji, na Noela nilimwita dada, na watoto wao waliniita mama mdogo. Hiyo ndiyo familia niliyopewa baada ya kupoteza ile niliyozaliwa nayo.

Baadaye Alimasi alipata mahali pa kufanyia kazi Rwekubo, kwenye senta ya biashara nje ya kambi, na mimi nikapata kazi Mbarara mjini. Ilikuwa studio ya picha mtaa wa Kakoba. Nilianza kwa kufagia na kukata picha za pasipoti. Bosi wangu, Mganda mwenye subira, aliona nina jicho. Akanikalisha mbele ya kompyuta, akanifundisha kuisafisha picha iliyochafuka, kuunganisha iliyochanika, kurudisha rangi iliyopauka.

Ndugu zangu, nilikuwa na kipaji! Nasema hivyo bila kujisifu, maana kipaji hicho ndicho kilichoniangamiza.

Habari zilifika kambini kwamba kuna dada Mkongomani Mbarara anayerudisha picha za zamani. Watu wakaanza kuja. Walikuja na picha walizozishona ndani ya gauni, walizozificha kwenye Biblia, walizozikunja ndani ya viatu wakavuka nazo mipaka. Nyingine zimeungua pembeni. Nyingine zimeshikana kwa jasho. Moja niliisafisha damu iliyokauka na sikuuliza ni damu ya nani.

Naingiza picha kwenye skana, inapanda kwenye kompyuta, nachukua kipande cha ngozi nzima kutoka shavu moja nakihamishia shavu lililoharibika. Naziba mikunjo. Nafuta ukungu. Siku mbili, siku tatu... halafu naichapisha. Mama mmoja alipomuona mtoto wake aliyemwacha porini, alianguka kwenye sakafu ya studio, akalia hadi wapita njia wakaingia kuangalia kuna nini.

Wakaanza kuniita dada anayefufua wafu. Na mimi, mpumbavu mimi, nikalipenda jina hilo! Nilipenda machozi yao. Nilipenda wanavyonishika mikono. Nikafika mahali siwezi tena kumwambia mteja, “Hii imenishinda.”

Bosi aliliona hilo. Siku moja aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kiganda, “Nyabo, dada yangu, kama sura imekwisha, ambia mtu imekwisha. Pahali hakuna kitu, usiweke kitu.” Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi...

Ndipo akaja Wilondja.

Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mwenye kovu refu shingoni. Alikuja na mdogo wake, Etabo, mtu mzima pia, mwenye mke. Walikaa upande wa pili wa kambi, mbali na kwetu, wala sikuwa nimewahi kuwaona. Wilondja alitoa mfuko wa plastiki, na ndani yake picha ndogo ya wanaume sita waliosimama mbele ya kanisa la matofali. Kwaya ya wanaume. Mama yao alikuwa ameikimbiza ndani ya kopo la unga tangu Kongo.

Unyevunyevu ulikuwa umeila vibaya. Wilondja aliweka kidole katikati, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho “ndiye” ni “njo”: “Dada, baba yangu njo uyu. Na uyu wa kando yake, naye umurudishe. Nataka nimuone muzuri.”

Nilimuuliza huyo wa kando ni nani. Alijibu tu, “Mutu wa kwetu.”

Laiti ningeuliza mara ya pili! Lakini niliona kawaida tu. Ni nani asiyetaka kuwaona marafiki wa baba yake?

Sura ya baba yao ilikuwa na nyufa lakini ilikuwepo. Niliirudisha ikapendeza. Ile ya kando yake ndiyo ilikuwa taabu. Palikuwa na sikio moja, ukingo wa paji la uso, na ukosi wa shati. Basi! Katikati palikuwa doa jeupe, karatasi tupu, kuvu imekula kila kitu. Nilijaribu siku nne. Hakuna jicho, hakuna pua, hakuna mdomo. Huwezi kuvuta kitu kisichokuwepo.

Siku ya tano, nikiwangojea waje kesho yake, nilifungua faili langu la picha za ndugu na marafiki. Nilitafuta sura ya mwanamume iliyogeuka kidogo kushoto, mwanga ukitoka upande ule ule. Nikaipata. Ilikuwa picha niliyompiga Alimasi siku ya ubatizo wa mtoto wake wa pili.

Shemeji yangu... Nilimkata uso pale kwenye skrini kama mtu anavyokata kitambaa. Nikampunguza umri kidogo. Nikamtoa rangi, nikamtia vumbi la picha ya zamani, nikamkalisha juu ya ule ukosi wa shati. Ilikaa vizuri mno! Nilijipongeza. Nilijiambia, nani atajua? Ni mtu wa kando tu. Watafurahi, watamtundika ukutani, mambo yamekwisha.

Kesho yake ndugu wale wawili walikuja. Nilikuwa nimewachapia nakala mbili kubwa. Kwa baba yao walitazama kidogo wakatikisa kichwa, machozi yakawalengalenga. Lakini kwa yule wa kando... Wilondja alimtazama muda mrefu sana, hata nikaanza kutoa jasho.

Akaniuliza taratibu, “Una hakika njo sura yake?”

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi! Nilimjibu hivi, na maneno haya nitayasikia hadi nazikwa: “Kompyuta haidanganyi, kaka. Imeivuta kutoka ndani ya karatasi yenyewe.”

Wakashukuru, wakaondoka.

Sikujua, ndugu zangu, na nilikuja kuambiwa baadaye sana: usiku waliompoteza baba yao, wale vijana walikuwa wadogo, wamefichwa chini ya kitanda. Waliona miguu tu. Waliona miguu ya baba yao ikiburutwa sakafuni, wakasikia anavyochinjwa nje, polepole, huku anamwita kwa jina mtu aliyewaleta wauaji. Wilondja alipotoka chini ya kitanda kumfuata, ndipo akapata lile kovu la shingoni. Aliyewaleta alikuwa mwenzake wa kwaya, jirani, mtu aliyekula kwao, lakini kwa udogo wao sura yake iliwatoka kichwani. Mama yao, ambaye hakutaka kumtaja zaidi, aliwaambia mara moja tu kwa uchungu, “Mule mu picha, ule anasimamaka kando ya baba yenu, njo ule.” Kisha macho yake yakaingiwa na mtoto wa jicho, akawa haoni tena zaidi ya kivuli. Vijana wakakua na picha yenye doa jeupe mahali pa muuaji.

Na mimi nikalijaza doa lile.

Zilipita wiki kama saba. Noela alikuwa amejifungua mtoto wa nne, nikaomba ruhusa kwa bosi niende kumuona. Nilishuka kwenye taksi pale Rwekubo siku ya soko, mizigo mkononi, nikapitia kwanza kwa shemeji ili tuongozane nyumbani. Alifurahi! Alinifutia benchi kwa shati lake, akaninunulia soda, akasema anamalizia gurudumu moja tu. Alikuwa anaimba huku anakaza spoki.

Etabo alikuja pale anasukuma baisikeli yenye pancha.

Mimi sikumtambua mara moja kwa sababu ya jua. Nilimuona tu mtu amesimama, amemkazia macho Alimasi. Shemeji alimsalimia na kumwambia angojee kidogo. Yule mtu aliitupa baisikeli chini, akakimbia. Alimasi akacheka. “Uyu naye, nini imemupata?”

Hatukukaa sana. Walirudi wako kama saba. Wilondja alikuwa mbele, na mkononi ameshika ile picha yangu, ambayo nilikuja kusikia alitembea nayo kila aendako.

“Yaya, njo uyu!” Etabo alimpigia kelele kaka yake akinyoosha kidole. “Njo ule wa mu picha!”

Wilondja aliweka picha kando ya uso wa Alimasi, akaangalia huku, akaangalia kule. Watu wa soko wakaanza kusogea. Akamuuliza anaitwa nani. “Alimasi,” shemeji alijibu, bado na spana mkononi, bado anatabasamu kwa kutoelewa. “Muongo!” Wilondja alinguruma. “Ulibadirisha jina! Baba yangu alikuita kwa jina lako akiwa anakufa!”

Akampiga kofi la kwanza. Tabasamu likapotea.

“Banduguu, mimi ni mutu wa Uvira!” Alimasi alipaza sauti. “Sijafikaka kwenu hata siku moja!”

Wilondja aliinua picha ile juu, watu wote waone. Uso ni ule ule. Nani angebisha? Mtu mmoja kwenye umati alisema, “Ni yeye kabisa!” Mwingine akasema wauaji wanakuja kujificha kambini pamoja na waliowaua. Ndipo Wilondja akaniona mimi. Nilikuwa nimesimama, soda mkononi, hatua tatu tu kutoka kwa shemeji yangu.

“Hata dada wa studio eko hapa!” alisema. “Dada, baambie batu. Si njo sura yake?”

Wote wakanigeukia.

Na Alimasi naye akanigeukia. Alipata hata matumaini, maskini! “Riziki! Shemeji! Baambie miye ni nani!”

Ndugu zangu... maneno yalikuwa hapa kooni. Niliyaweka mimi ile sura. Ni uongo wangu. Mwacheni! Sentensi ndogo kama hiyo ingetosha. Lakini niliangalia mawe mikononi mwa wale watu, nikaona wakijua watanigeukia mimi. Miguu yangu ikarudi nyuma. Hatua moja. Ya pili. Mdomo wangu haukufunguka.

Kimya changu kikawa jibu.

Wilondja aliinua lile benchi nililofutiwa nikae, akamshushia nalo kichwani. Nilisikia mfupa. Alimasi alianguka kwa magoti, akainua mikono, na pampu ya baisikeli ikampiga mdomoni. Wakamvunja mkono kwa spana yake mwenyewe. Mtu asiyemjua hata Alimasi, wala hana kisa naye, alichukua mnyororo wa baisikeli akaanza kumchapa nao mgongoni, na kila ukiinuka unatoka na nyama. Mawe yakafuata. Mama muuza ndizi alilia, “Munamuua! Munamuua mutu wa watu!” na akasukumwa akaanguka juu ya ndizi zake.

Damu na grisi vilichanganyika pale chini vikawa kitu kimoja cheusi. Alikuwa bado anasema, lakini si maneno. Wilondja alimkanyaga shingoni, palepale alipokuwa na kovu yeye mwenyewe, huku analia kwa sauti kama mtoto, “Baba yangu! Baba yangu! Baba yangu!”

Polisi walifika wakapiga risasi hewani. Umati ukatawanyika kama kuku. “Nani amefanya hii? Nani?” afisa mmoja alifoka. Wilondja hakukimbia. Alinyoosha mikono afungwe. Alionekana mtu aliyetua mzigo.

Alimasi alipelekwa hospitali Mbarara akiwa bado na pumzi. Alikaa siku nne, kichwa kimevimba hata watoto wake hawakumtambua. Sura ile niliyoiazima haikuwepo tena! Siku ya nne akafa.

Noela alikuwa amekaa sakafuni, mtoto mchanga kifuani. Aliponiona alinikumbatia kwa nguvu, akaniambia, “Asante, mudogo wangu. Walau hakukufa peke yake. Walau ulikuwa karibu naye.”

Sijui kwa nini sikufa palepale.

Wale jamaa waliomuua walisema wameua kwa kisasi, na marafiki wa Alimasi nao wakataka chao. Siku tulipomzika, mafundi na waendesha baisikeli waliondoka makaburini kwa makundi, wakiwa na madumu ya mafuta ya taa. Walivuka kambi hadi nyumbani kwa mama yake Wilondja. Ilikuwa adhuhuri. Walifunga mlango kwa nje, wakawasha nyasi za paa. Jirani alivunja dirisha akamtoa bibi yule asiyeona, bega na mkono wa kushoto vimeungua hadi nyama nyekundu. Moshi ule nilikuwa nauona kutoka kaburini. Wenzangu walisema, “Haki yao!” Mimi niliupa moshi ule mgongo.

Nyumba mbili, ndugu zangu. Nyumba mbili niliziteketeza kwa doa moja la karatasi!

Sikusema. Badala ya kusema, nilianza kwenda kumtembelea yule mama. Etabo, aliyesikia nikiitwa shemeji pale sokoni, alidhani natafuta amani kati ya nyumba mbili. Nilimwosha kidonda, nilimpikia bugali, yaani ugali, na sombe ya majani ya mhogo, nikamlisha kwa mkono. Alikuwa amehifadhiwa kwa Etabo, ambaye polisi walimwachia kwa kuwa walioona walisema alinyoosha kidole tu, hakupiga. Mama Wilondja aliniita binti yake. Alinibariki kwa maombi marefu, na kila baraka ilinichoma kama kaa la moto. Nilidhani wema huo utafuta kitu. Je, mtu anaweza kuosha damu ya huku kwa kuosha kidonda cha kule?

Kidonda kilipopona, nilijitolea nimpeleke Ruharo, pale Mbarara, kwenye hospitali inayotibu macho. Daktari alisema mtoto wa jicho anatoka, atamfanyia upasuaji. Mama alifurahi akaimba. Alisema kitu cha kwanza anachotaka kuona ni sura ya mume wake.

Nilijua kitakachotokea. Naapa nilijua! Lakini sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imechoka kujificha.

Asubuhi walipomfungua bandeji tulikuwa watatu: yeye, Etabo na mimi. Alipepesa macho, akalia, akamshika mwanawe mashavu. Kisha akaomba picha. Etabo alikuwa na ile nakala ya pili, ameikunja ndani ya Biblia yake.

Mama aliishika kwa mikono miwili. “Ee Mungu... bwana yangu,” alisema, akampapasa kwa kidole. “Uyu njo yeye. Angalia macho yake.”

Halafu kidole kikahamia kando. Kikasimama.

“Na uyu ni nani?”

“Mama, si njo ule,” Etabo alisema. “Ule aliyeleta bale batu.”

“Hapana.” Aliisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. “Ule alikuwa muzee. Kichwa wazi, meno ya mbele hana. Uyu kijana simujui. Munamutoa wapi uyu kijana?”

Etabo aliinua macho polepole hadi yakanifikia. Sikuulizwa hata swali. Nilisema mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuitambua: “Sura haikuwepo. Niliweka mimi. Nilichukua ya shemeji yangu.”

Mama alitoa kilio ambacho siwezi kukiandika. Etabo alinikamata nywele, akaniburuta nje hadi kwenye ngazi za uani. Alinipiga ngumi za uso, jino likatoka. Alinipiga teke la mbavu. Nikaanguka. Akaukanyaga mkono wangu wa kulia kwenye ngazi, akaokota kipande cha tofali, akauponda. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu sikuhisi tena. “Yaya eko mu gereza!” alikuwa analia. “Mutu alikufa bure! Mutu alikufa bure!” Walinzi walimtoa juu yangu kwa nguvu.

Polisi walipoandika maelezo, nilikataa kumshtaki. Nilieleza yote, tangu kopo la unga hadi tofali. Afisa aliyekuwa anaandika aliacha kalamu akanitazama. Sikufungwa. Hakuna aliyejua nifungwe kwa kosa gani. Wilondja ndiye aliyefungwa, na bado yumo. Maelezo yangu hayakumsaidia, kwa sababu hata kama angekuwa na mtu sahihi, alikuwa ameua.

Ilibaki kazi moja, ngumu kuliko zote. Noela.

Nilimkuta anatwanga sombe mbele ya nyumba, mtoto mgongoni. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mkono umefungwa plasta, nikamweleza. Hakuacha kutwanga. Nilidhani hanisikii. Nilipomaliza kuhusu picha, aliendelea kutwanga. Nilipofika pale sokoni, pale Alimasi aliponiita... mchi ukasimama hewani.

“Alikuita?”

“Ndiyo, dada.”

“Kwa jina?”

“Kwa jina.”

“Ulikuwa umbali gani?”

Nikasema, “Hatua tatu.”

Alishusha mchi polepole ndani ya kinu. Nilikuwa nangojea anipige nao, na ningeshukuru. Hakunipiga. Alisema, bila kupaza sauti, “Picha ningeelewa. Mutu anakosaka mu kazi yake. Lakini alikuita, Riziki. Alikuita na ulikuwa hatua tatu.”

Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaingia ndani, akafunga mlango. Hadi leo hajanisemesha. Tukikutana kwenye foleni ya maji, watoto wake wanavutwa upande mwingine. Yule mdogo ananitazama kwa macho ya baba yake, hajui mimi ni nani.

Studio niliacha. Sasa nalima maharage kwa mkono mmoja na nusu.

Ninyi vijana mnaokaa mbele ya kompyuta siku hizi, mnaotengeneza picha za watu, nawaomba kwa machozi: msimpe mtu uongo kwa sababu tu anautamani. Mnayemfurahisha leo hamjui anakwenda wapi na hiyo karatasi. Afadhali aondoke kwako amenuna.

Na wewe usiyefanya kazi hiyo, usidhani hayakuhusu. Siku moja kutakuwa na umati, na katikati yake mtu unayemjua, na wewe utakuwa unajua neno moja la kumwokoa. Utaogopa. Miguu itataka kurudi nyuma. Nakusihi, ndugu yangu, usiirudishe! Piga kelele. Hata wakikupiga na wewe, piga kelele! Mimi nilinyamaza ili nibaki hai, na nimebaki hai kweli... nachota maji kila asubuhi nyuma ya mjane wa mtu niliyemnyamazia, na wala hageuki.